Nyumba Isiyotoa Mfuko

Kaka yangu hakujua kukaa. Hata kanisani alichagua ukingo wa benchi karibu na mlango, goti likimtikisika, mpaka shangazi akawa anamwekea mkoba wake juu ya paja ili litulie.

"Mungu anakuona," shangazi alimnong'oneza siku moja.

"Anaona na taka za watu zinavyonisubiri, shangazi."

Shangazi akacheka ndani ya leso, akasingizia kikohozi.

Kaka alikuwa mzoa taka wa mtaa wetu. Mtaa ni mdogo, unateremka kutoka shuleni hadi bondeni. Mkokoteni wake aliuunda kwa chuma cha kitanda na magurudumu ya pikipiki, akaugawa kwa mbao: maganda ya jikoni mbele, chupa na makopo nyuma, na katikati mahali alipopaita "bado sijui". Humo aliweka vitu ambavyo hajaamua kama ni taka au si taka: redio bubu, kiti cha miguu mitatu, miavuli iliyovunjika mbavu.

Watu walimwita Hodi. Hakuwa na kengele wala filimbi. Kila lango alipiga hodi, hata kama mfuko ulikuwa tayari uko nje, na hakuondoka mpaka aitikiwe.

"Mfuko si huo hapo?" mama mwenye duka alimuuliza. "Hodi ya nini sasa?"

"Hodi ni bure, mama. Nikianza kutoza nitakwambia."

Lango lisilo na mfuko ndilo lililomsumbua. Nyumba yenye mtu, alikuwa akiniambia, lazima itoe taka. Ukiona haitoi, ama wamesafiri ama kuna jambo. Basi aliingia ndani kuuliza. Ndivyo alivyomkuta bibi mmoja ameanguka bafuni, na ndivyo alivyofukuzwa na mbwa wa watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Alipolazwa kwa ajili ya kifua, kitanda cha hospitali kilimshinda. Alisukuma shuka, akatafuta viatu, akarudia neno lilelile: "Mfuko wa fundi haujatoka. Mfuko wa fundi haujatoka."

"Utatoka, mwanangu, tulia," shangazi alimwambia, akimpangusa jasho.

Tulijua ni homa. Mimi nilimsomea Zaburi, naye akanitazama kana kwamba mwenye homa ni mimi. Alifariki alfajiri, miguu yake ikiwa nje ya shuka. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nilisema hivyo pamoja na wengine, na ninaamini.

Lakini baada ya mazishi, kukaa kulinishinda na mimi. Waliniambia nikae nilie. Nikaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nilifagia uwanja, nikauzunguka mkokoteni uliosimama ukutani, nikarudi ndani, nikatoka. Kitabu cha sala nilikifungua na kukifunga bila kujua nimesoma nini. Shangazi aliniangalia akasema, "Aliyekuachia goti lake hakukutendea mema."

Kamati ya mtaa ilikodi gari la taka. Gari hupiga honi tu, huchukua kilichowekwa barabarani, na kwenda. Asubuhi moja nilikuwa nakanda unga wa chapati, nikasikia honi, nikatoka na unga mikononi vilevile. Utingo alitupa mfuko wetu juu, akanipa pole.

"Mnafika mpaka bondeni?" nilimuuliza, maana ilinibidi niulize kitu.

"Mpaka nyumba ya kijani. Ile ya mwisho haina mtu."

"Nani kawaambia haina mtu?"

"Haitoi mfuko, dada. Tangu tuanze kazi hapa haijatoa hata ganda la ndizi."

"Wewe, unazoa au unaposa?" dereva alimuuliza kupitia dirishani, na gari likaondoka.

Nilibaki pale na unga unanikauka vidoleni. Nyumba ya mwisho ni ya fundi cherehani, mzee anayeishi peke yake na miguu mibovu. Mfuko wa fundi haujatoka. Haikuwa homa.

"Unakwenda wapi na mikono hiyo?" shangazi aliita.

"Kwa fundi."

"Nguo gani unashonesha leo?"

Niliteremka nusu mbio, kandambili zikinipiga visigino. Kwenye nyumba ya kijani mama wa pale alikuwa anaanika.

"Mama, umemwona fundi karibuni?"

"Fundi?" Alishika kamba. "Si kaka yako ndiye huwa anamwang..." Akaziba mdomo kwa fulana mbichi aliyoshika.

Sikungoja. Niliomba huku nakwenda, na ombi lilikuwa neno moja tu: asiwe, Bwana, asiwe. Lango lilikuwa wazi. Majani yalikuwa yameota katikati ya njia, pale gurudumu lilipozoea kupita. Mlangoni harufu ya kitu kilichooza ikanipokea.

"Hodi."

Nikapiga tena, kwa nguvu, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Ndani kitu kikaburutwa. "Umechelewa kiasi hiki," sauti ikasema, "halafu unakuja na sauti ya kike?"

Niliegemea mlango nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka komeo lilipofunguka. Fundi alisimama amejishikiza kwenye kiti, amekonda, amechomekea shati vizuri.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mdogo wake Hodi."

"Yeye yuko wapi? Nina maneno naye."

Nyuma yake, chini ya meza ya kukatia, mifuko ya taka ilikuwa imefungwa vizuri na kupangwa kama wageni wanaosubiri. Ndiyo iliyonuka. Aliniambia mpwa wake humletea chakula, anakiweka mlangoni na kukimbilia kazini. Taka hagusi, ati atanuka ofisini. Kuitoa mifuko mpaka barabarani, miguu haikumruhusu fundi. Kaka ndiye aliyeingia mpaka pale, akaitoa, na kabla ya kuondoka akamtungia uzi katika sindano zote na kuzichomeka kwenye kitambaa, kwa sababu macho ya fundi hayaoni tena tundu la sindano.

"Sindano zimekwisha zote," alisema. "Tazama aibu hii."

Kwenye msumari lilining'inia koti la mvua, limeshonwa kwa vitambaa vya miavuli: vyeusi, vya buluu, na kiraka kimoja chenye maua. Lilikuwa na mkono mmoja.

"Mvua ikinyesha hujifunika kiroba kama gunia la viazi. Mwambie aje nipime mkono wa pili. Kumpima yule ni kama kumpima kuku."

Kwetu msibani watu walikuja wakijua tayari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jambo hilo.

"Fundi, kaka amefariki."

Alikaa. Alivua kastabini kidoleni, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Nimemtukana," alisema. "Kila siku yake ya kuja, nimekaa hapa peke yangu namtukana."

"Hakusikia."

"Ningependa asikie. Angenijibu."

Nilimwambia alivyomtaja kitandani, na kwamba sisi tulidhani ni homa.

"Homa gani? Mfuko haukuwa umetoka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Omba, mama. Omba kifupi, goti halinikubalii."

Niliomba kifupi. Kisha nikanawa unga mikononi na kutunga uzi. Uzi ulipita pembeni, nikaulamba, nikajaribu tena. Fundi alisema nitunge zote, nisitunge moja nikakimbia. Nilipomaliza, kitambaa kilisimama sindano kama nungunungu.

Niliikokota mifuko hadi uani. Gari lilikuwa limekwenda zamani.

"Nitarudi na mkokoteni," nilimwambia.

"Mkokoteni wake?"

"Ndiyo."

Akavuta futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake. "Njoo hapa. Nyoosha mkono."

"Fundi, mimi sija..."

"Nyoosha."

Alipapasa kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, akabana kwa kidole.

"Mfupi kuliko wake," alisema. "Na unatikisika vilevile. Simama vizuri."