Aliyejibu Majabalini

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkeka mkubwa, jerikeni la maji ya kunywa, na hema lililojaa watoto wasionijua. Mratibu wa Kituo, mtu wa Tanga mwenye sauti ya upole, alisimama nami mlangoni akasema, "Mwalimu, wauguzi wapo na wapishi wapo. Wewe kazi yako ni hadithi."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka kufundisha chekechea Ujiji, nimezoea ubao na chaki. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Burundi ilikuwa inawaka, na watu walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa miguu na kwa mitumbwi. Huko walipakiwa kwenye boti, wakaletwa mjini Kigoma kwenye kituo cha mapokezi kungoja malori ya kwenda kambini. Watoto waliofika bila mtu mzima waliitwa, kwa lugha ya ofisi, watoto wasio na msindikizaji. Hao ndio walikuwa wangu. Idara ya ufuatiliaji, yaani wale wenzetu waliotafuta ndugu waliopotezana, iliwahoji mmoja mmoja. Mimi niliwakalisha mkekani wote pamoja, wanaojua Kiswahili wakiwatafsiria wenzao.

Ninyi mnaoianza kazi hii leo mmeniuliza tulifunzwa na nani. Tulifunzwa na watoto wenyewe. Kwanza walinifunza kwamba hadithi za raha hawazitaki. Mwanzoni niliwasimulia sungura na fisi, wakanitazama kama abiria wanaongoja basi. Ndipo nikabuni msichana, nikamwita Kaneza. Nilimpotezea mama yake njiani. Nikamtia msituni, nikamvusha mto wenye mamba, nikamlaza njaa. Hema likatulia, na wale waliokuwa wakikaa pembeni wakaanza kusogea.

Pili walinifunza kitu nilichokiita mkato. Mtoto akikukatiza ili akusahihishe, usimkemee. Nyamaza umsikilize, maana hapo haongei tena habari za Kaneza. Nilisema siku moja kwamba Kaneza alilala pangoni. Mtoto mmoja akasema, "Hapana, Mama. Alilala kwenye shimo la mihogo, na wenye bunduki wakapita juu yake." Hakuna afisa aliyekuwa ameyapata hayo kwa mtoto yule kwa maswali.

Mratibu alihamishwa, akaja Afisa Mfawidhi, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, mkali lakini si mwonevu. Alikisikiliza kipindi changu kimoja, kisha akaniita nje.

"Mwalimu, watoto hawa wametoka motoni, na wewe unawarudisha motoni?"

"Mama, hadithi za kufurahisha hawaziamini."

"Basi huyo Kaneza mfikishe kwa mama yake, tumalize."

"Nikimfikisha leo, kesho hawatakaa nami. Wengi wao wanajua mama zao walifia wapi."

"Endelea," akasema. "Lakini nitakuwa nakuja kusikiliza."

Katika siku hizo ndipo alipoletwa Odeta, binti wa miaka kumi hivi. Wavuvi walimkuta upande wa huku wa Kagunga, amesimama ziwani, maji yamemfika kifuani. Walipompandisha chomboni aliwang'ata. Pale kituoni hakusema lolote isipokuwa neno moja. Alikuwa akisimama mbele ya magunia ya unga, au kwenye upenyo kati ya matangi ya maji, anasema taratibu, "Sokwe." Kisha anainamisha kichwa, anatega sikio. Anangoja. Halafu anahamia mahali pengine, anaanza upya. Niliwahi kumkuta adhuhuri, jua la utosi, akiliambia neno hilo lundo la mawe ya msingi wa jiko, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kweli.

Watoto wenzake walimkwepa. "Anacheza na wasioonekana," waliniambia. Aliyethubutu kumjibu, Odeta alimrukia kwa makucha.

Afisa aliamua kwamba mtoto yule alitishwa na sokwe, kwa kuwa msitu wa Gombe uko njia hiyo hiyo. Mkalimani wetu, Bwana Edwadi, aliambiwa kwa Kiswahili kwamba kuna mtoto anaogopa sokwe. Akamwendea, akamuuliza kwa Kirundi kama mnyama alimdhuru. Odeta hakufungua mdomo.

Alasiri moja nilikuwa nimemfikisha Kaneza katikati ya msitu. Nikasema, "Majani yakatikisika, na ghafla akatokea sokwe..."

"Niruze!" hema zima likaitikia, kisha kicheko.

Nikashangaa. "Niruze ni nini?"

"Si ndivyo tunavyoanza vitendawili, Mama!" alisema binti mmoja. "Mmoja anasema sokwe, mwenzake anajibu niruze."

Kumbe katika Kirundi hiyo ndiyo kitendawili, tega yetu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, wazee wangu ni Wamanyema, na Kiswahili ndicho nilichonyonya. Sikuwa na habari.

Odeta hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma, ameshika kamba ya hema. Akasema jambo, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika. Bwana Edwadi alikuwa mlangoni na Afisa, akanitafsiria polepole.

"Kaneza hakuwa peke yake."

Sikumgeukia haraka. "Alikuwa na nani?"

"Na mdogo wake, Fideli. Mama yao alipofia njiani, walitembea ufukweni wawili. Fideli akachoka. Kaneza akamficha kwenye majabali. Akamwambia, mtu akikuita kwa jina, nyamaza. Ukisikia sokwe, ujue ni mimi, ujibu."

"Halafu Kaneza akaenda wapi?"

"Aliingia majini kuwapungia wavuvi, awaombe chakula. Wakamchukua. Hakujua lugha yao. Alifikiri ni wale wale wenye bunduki."

Afisa hakungoja kipindi kiishe. Nilimsikia nje akisema, "Nitafutieni boti."

Tuliondoka kulipopambazuka: nahodha wetu Mzee Rajabu, Afisa, Bwana Edwadi, mimi na Odeta. Ulikuwa msimu wa kuchoma milima, na moshi ulikuwa umeshuka ziwani hata usijue maji yanaishia wapi. Milima ya Kongo haikuwepo. Boti ilionekana kama imening'inizwa hewani. Tulipita Gombe bila kuiona, tukasikia tu sokwe wakipiga kelele huko juu, na Odeta akashtuka kila mara. Tulipokipita kijiji cha Mwamgongo alisimama, akanyoosha mkono.

Palikuwa na majabali makubwa chini ya mlima, bila njia wala nyumba. Mzee Rajabu akazima injini. "Hapa wavuvi hawatii nanga," alisema, na hakueleza.

Bwana Edwadi alisahau, akaita, "Fideli!" Odeta akamziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaita mwenyewe, "Sokwee!"

Kimya. Akaita tena, na tena. Nyani waliokuwa juu ya jabali walitutazama, wakaondoka mmoja mmoja. Upepo ukaanza kuvuma, boti ikawa inasukumwa kuelekea mawe.

"Mama," Mzee Rajabu alimwambia Afisa, "tukikaa hapa tutapasuka. Turudi."

Afisa alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ndipo tukasikia.

"Niruze."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama ya mtoto anayeongea chumba cha pili. Mzee Rajabu alivua kofia. Afisa alikaa chini kwenye mbao zenye maji. Odeta yeye alikuwa ameshajitosa, anaogelea.

Tulimfuata, tukapekua kila ufa wa mawe yale. Tulikuta kipande cha kitenge na maganda ya muhogo, basi. Odeta aliendelea kuita mpaka sauti ikamkauka, na hakujibiwa tena. Nahodha alisihi tuondoke. Afisa akamwambia, "Mtoto amejibu, Mzee. Siondoki pwani hii bila yeye." Kama si jibu lile, tungekuwa tumeshafika nusu ya njia ya kurudi. Tukaenda Mwamgongo, tukaanza kuulizia nyumba kwa nyumba.

Nyumba moja tulimkuta mwenyeji, Bibi Tabu, anaanika dagaa. Nilimwamkia shikamoo, naye bado hajamaliza kuitika akasema, "Mnatafuta kitoto cha Kirundi? Nilikuwa nakata kuni, nikakiona majabalini. Nikakibeba mgongoni. Kinakula, lakini hakisemi, na kinaishi uvunguni."

Odeta alisimama mlangoni. "Sokwe," alisema, kwa kunong'ona tu.

"Niruze," ikatoka uvunguni.

Akatambaa nje mtoto wa miaka mitano hivi, amejaa vumbi. Hawakukumbatiana. Dada alimpapasa kichwa, mabega, magoti, akarudia kichwa, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Afisa aligeuka akautazama ukuta.

Nilimvuta Bibi Tabu kando. "Leo asubuhi alitoka kwenda majabalini?"

"Mwanangu, tangu nimlete hajavuka kizingiti hiki."

Mzee Rajabu alinitazama, nami nikamtazama.

Tukiwa njiani kurudi, Fideli alimuuliza dada yake jambo. Bwana Edwadi hakutafsiri.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza mbona hatukumchukua mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

"Anasema kulikuwa na mwenzake kule kwenye mawe. Yeye akilala, mwenzake anakaa macho, ili dada akiita amjibie."

Odeta alikuwa anatikisa kichwa. "Sikumwacha na mtu," alisema. "Hakukuwa na mtu."

Tuligeuza boti. Mawimbi yalitupiga, tukatua kwa shida, tukaita kwa majina na bila majina. Siku zilizofuata Afisa aliwarudisha watu wa ufuatiliaji pamoja na vijana wa Mwamgongo, wakapanda mpaka juu mlimani. Hawakukuta unyayo wala nguo wala mfupa.

Odeta na Fideli walikwenda kambini upande wa Kasulu, na baadaye nami nikahamishiwa huko huko. Shangazi yao alipatikana katika kambi nyingine, na amani iliporudi wakaenda naye kwao. Kaneza sikumfikisha kwa mama yake kamwe. Nilimpeleka kwa mwanamke mmoja wa kando ya ziwa, na siku ya kwanza tu akavunja chungu, akagombezwa mpaka majirani wakatoka. Watoto walishangilia kuliko nilivyowahi kuwasikia. Anayegombezwa ana kwao. Kwa hiyo mkibuni mtoto wa hadithi, msiogope kumtia hatarini, maana wanaowasikiliza wameshafika huko kabla yenu. Lakini kaeni naye humo humo, msimwache avuke peke yake.

Sasa nimestaafu, nakaa Buzebazeba, na vijana hunijia kuniuliza habari ya sauti ile. Bwana Edwadi alishikilia kwamba ulikuwa mwangwi. Sijawahi kusikia mwangwi unaojibu neno tofauti na uliloitwa. Mzee Rajabu, mpaka anafariki, alisema ni jini wa majabali, na kwamba alikuwa mwema. Watu hudhani hilo ndilo linalonitisha.

Mimi katika sala zangu namwomba Mungu Mzee Rajabu awe amesema kweli. Jini hashikwi na njaa, wala hakai juani akingoja boti irudi.