Partie de Goma

Tulirudi Gisenyi kutoka Tanzania nikiwa na miaka kumi na saba, na Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Maneno makubwa niliyashika upesi. Vilivyonishinda ni vile vijineno vya katikati: à, de, pour, chez. Sisi tukisema nyumbani tumemaliza. Uende nyumbani, utoke nyumbani, ulale nyumbani, neno ni lile lile. Kifaransa kilitaka kila safari na kijineno chake.

Aliyenifundisha alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Mbugangari, mjane mshonaji aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alinisahihisha huku akikanyaga cherehani. "Hapana. Sema tena." Nilisema tena, nikakosea kwingine.

Mama alikuwa akimtafuta mdogo wake wa kike, ambaye wakati wa vita alivuka mpaka kwenda Goma na hakusikika tena. Siku moja aliniambia niandike barua kwa ofisi iliyokuwa ikitafuta watu waliopotea. Niliona fahari. Sikumwonyesha mwalimu, nilitaka Mama aone kwamba naweza peke yangu.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Walikuwa wamemtafuta Gisenyi na Ruhengeri, miongoni mwa waliorudi, wasimpate.

"Mbona wametafuta huku?" Mama aliniuliza. "Si tuliwaambia alikwenda Goma?"

Nilikuwa na nakala ya barua. Niliipeleka kwa mwalimu. Aliisoma, miguu ikatulia juu ya cherehani.

"We umeandika partie de Goma. Mutu akisoma hii, ataona huyu mama munayetafuta ametoka Goma, donc, basi, iko huku kwetu. Ungeandika pour, amekwenda Goma."

"Neno moja tu, Mwalimu?"

"Moja tu."

Tuliandika upya siku hiyo hiyo, yeye akinisimamia. Jibu la pili lilikuwa fupi: kambi za wakimbizi za Goma zimevunjwa, watu wametawanyika, orodha hazipo tena. Kama ile barua ya kwanza ingeandikwa sawasawa, wangemkuta bado kambini? Sijui. Hakuna wa kumuuliza.

Nilimwambia Mama ukweli jikoni, akiwa anachambua maharage. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hicho kijineno kinasemwaje?"

Nikamtamkia: pour. Akajaribu mara mbili, kikamshinda, akaendelea na maharage yake. Nilibaki nimesimama pale mlangoni, nisijue kama nikae nimsaidie au niondoke.