Siku Ngoie Alipokwenda Kuona Teatre

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka nainamisha uso, ingawa walioiona karibu wote wamekwisha kufa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Tulikaa hapa Kamina, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, Wabelgiji wangali wanatawala. Baba yangu alitia makaa kwenye gari la moshi, na siku nyingi alikuwa safarini. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu Ngoie, mtoto wa miaka saba.

Ngoie alisikia kupita sisi sote. Sufuria ikianguka, wewe unageuza kichwa tu. Yeye aliruka kama aliyepigwa. Nguo mpya hakuivaa mpaka mama aifue mara nyingi ilegee. Bukari, ugali wetu, alikula vizuri, lakini mboga ikiigusa tu, sahani ilisukumwa. Kanisani watu wakipiga makofi, alijikunja chini ya benchi. Majirani walisema mengi: amerogwa, amedekezwa, mama yake hajui kulea. Mama hakujibizana nao. Aliacha tu kwenda. Harusi hakwenda, ubatizo hakwenda, sikukuu alizisikilizia uani akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Huo ndio ulikuwa uchungu wa nyumba yetu, na mimi kwa ujana wangu niliona dawa yake ni rahisi: mtoto akazwe.

Basi misheni ilipotangaza mchezo wa kuigiza, teatre kama tulivyoita, nikasema nitampeleka Ngoie.

"Atalia," mama akasema.

"Atazoea, mama. Ni weye unamudekeza."

Nilimvika gauni jipya lenye kola iliyotiwa wanga. Sikumwambia tunakwenda wapi, niliogopa atakataa. Ukumbi ulijaa watu. Madirisha yalikuwa yamefunikwa mablanketi ili kuwe na giza mchana, na taa za mafuta zilinuka mbele. Nikamketisha katikati kabisa ya watu, najivuna. Mara ngoma ikapigwa nyuma ya pazia. Ngoie akaziba masikio. Na mimi, nisikilize vizuri hapa mwanangu, nikaishika mikono yake nikaishusha. Nilitaka asikie, azoee.

Alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu. Akaniuma, akajikojolea. Wachezaji wakasimama. Wengine wakacheka, wengine wakanung'unika, na mwalimu aliyesimamia mchezo akatuonyesha mlango. Tulipofika nje, kwenye jua, nikampiga kofi. Nilimpiga kwa sababu watu walinicheka, basi.

Akakimbia. Nilimfuata kwa hasira, kisha kwa hofu, maana alielekea kwenye reli. Nikamkuta kwa Tata Banza, mzee aliyetoka Kabondo-Dianda, kwao mama, ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za reli na kupunga bendera. Ngoie alikuwa amesimama kando ya kibanda chake, kimya, gauni limelowa. Nilitaka kumvuta. Tata Banza akaninyooshea kiganja: ngoja.

Akainua bendera, akahakikisha mtoto ameiona. Ngoie akaegemeza mgongo ukutani, akaziba masikio mwenyewe. Punde gari la moshi likapita mbele yetu, na mvuke wake na mlio wake, ardhi inatetemeka. Mimi nilirudi nyuma. Ngoie hakutoa hata chozi. Behewa la mwisho lilipopita mzee akashusha bendera, na yeye akashusha mikono, akasema, "Makumi mbili na tatu." Alikuwa amehesabu mabehewa.

"Mama yenu anamuletaka hapa," Tata Banza akaniambia. "Sasa niambie. Gari ya moshi na ngoma yenu ya misheni, kelele ya wapi iko mukubwa?"

"Ya gari, Tata."

"Na ju ya nini hapa halie?"

Akajijibu mwenyewe:

"Ju anajua inakuya. Anajua itapita. Na mikono ni yake, hakuna muntu anaikamata. Weye ulimupeleka mutoto mu giza, hukumwambia kitu, ukamukamata mikono. Kiisha ukamupiga. Ulimupiga ju ya kosa gani?"

Nilipiga magoti pale kwenye kokoto za reli nikamwomba mdogo wangu msamaha. Hakunitazama. Alisema tu, "Kola inauma, yaya," maana ndivyo alivyoniita mimi dada yake. Nikaigeuza kola ile, nikaona shingo yake nyekundu kama imesuguliwa na kamba. Hata hilo sikuwa nimeliona.

Mwaka wa shule pale misheni, nilikosoma, ulipokaribia kuisha, mchezo mwingine ukatayarishwa, na safari hii nilichaguliwa kuwa mke wa chifu mchoyo. Tena, kwa kuwa nilikuwa na mikono yenye nguvu, nilipewa kutikisa bati nyuma ya pazia ili liwe ngurumo. Nilipomwambia mama, aliacha kazi aliyokuwa nayo.

"Ningependa kukuona," akasema. Halafu akamtazama Ngoie, akarudi kuchambua mboga.

Neno lile lilinikaa moyoni. Kesho yake nikamwendea mwalimu kuomba ruhusa ya kumleta Ngoie ukumbini siku ambazo hakuna watu.

"Ule mutoto wa makelele?" akasema. "Teatre haiko ya bagonjwa."

"Haiko mugonjwa, mwalimu. Anasikia sana. Mama yangu hajaingia mu sikukuu hata moja tangu amuzale."

Akakubali, ila akasema tukivunja kitu, nitakitengeneza mimi.

Tulikwenda mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mara ya kwanza alisimama mlangoni tu, akanusa, akataka kurudi, tukarudi. Mara ya pili aligusa mabenchi, moja baada ya jingine, akachagua la pembeni, karibu na mlango mdogo. "Hapa njo pangu," akasema. Nikamwonyesha kijana wa kucheza simba akivaa uso wa simba na kuuvua, akiuvaa na kuuvua, mpaka Ngoie akamwambia, "Imetosha, nimejua ni weye." Nikampa bati. Aliligusa kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha akalitikisa kidogo mwenyewe na kuniuliza kama linaumia. Nyumbani nilimsimulia mchezo wote kwa mpangilio: wimbo kwanza, halafu chifu, halafu ngurumo, halafu simba, halafu ngurumo tena. Alinisahihisha nilipokosea. Na Tata Banza akanipa bendera kuukuu, iliyotoboka, ili niitokeze pembeni mwa pazia kabla ya kila ngurumo.

Siku yenyewe, saa tisa mchana, mama aliingia ukumbini amevaa kitenge chake kizuri, na Ngoie amevaa gauni lake la zamani lililopauka. Nilichungulia kwenye pazia nikawaona wamekaa pembeni kule. Wimbo ulipita. Chifu akapita. Nikatokeza bendera, nikahesabu polepole, nikatikisa bati. Nilipochungulia tena, Ngoie alikuwa ndiyo anashusha mikono.

Nikafurahi mapema mno. Simba alipotokea, watu wote walisimama, wakapiga miguu chini, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakapiga mayowe. Hilo sikuwa nimemwandalia. Nilimfikiria simba, nikaisahau furaha ya watu. Nilipoweza kuchungulia tena, benchi lilikuwa tupu.

Niliingia jukwaani kusema maneno yangu. Nilijua mama yuko nje, kwa mara nyingine, akisikiliza sikukuu ya wengine. Lakini nikiwa katikati ya kumgombeza chifu, niliona mlango mdogo unafunguka taratibu. Mama akaingia peke yake, akaketi, akanikazia macho akitabasamu. Baadaye ndipo nilipojua kilichotokea. Ngoie aliinuka bila kulia, akamshika mama mkono, wakatoka kama tulivyokubaliana kwamba anaweza kutoka wakati wowote. Nje walimkuta Tata Banza, aliyekuwa amekuja kuketi kivulini kwa kusudi hilo. Ngoie akamwambia mama, "Rudi, weye uangalie yaya. Miye niko na Tata."

Nilirudi nyuma ya pazia kwa ngurumo ya mwisho. Nikatokeza bendera kwa mazoea tu. Na pale kwenye ufa wa mlango mdogo nikaona kichwa cha Ngoie, mikono tayari masikioni, anaitafuta bendera kwa macho. Alipoiona, akaitikia kwa kichwa: haya, piga. Mwanangu, nililitikisa bati lile huku nalia.

Ngoie hakupata kuipenda teatre. Alikuja mara chache tena, akatoka mara nyingi, akarudi alipotaka. Mama naye akaanza kwenda harusini, pamoja naye, wakikaa karibu na mlango.

Basi wewe unayelea mtoto wa namna hii, usinichoke nikikuambia wazi. Usimpeleke mahali asipopajua bila kumwambia. Mwonyeshe mahali hapo kabla watu hawajajaa, mwambie kitakachokuja na kwamba kitapita, mwache achague pa kukaa na nguo isiyomchoma. Akiziba masikio, mwache, anajisaidia. Akitaka kutoka, toka naye, wala usihesabu kwamba mmeshindwa. Na kuna jambo hakika utalisahau, kama mimi nilivyosahau vigelegele. Siku hiyo usimkasirikie yeye. Ukikosea, mwombe msamaha, hata kama ni mdogo kiasi gani.

Mungu akuzidishie subira, ampe mtoto wako watu wa kumngojea. Yeye Mungu aketi nanyi kwenye kila benchi mtakaloketi, na mkiinuka katikati ya mambo kutoka nje, atoke nanyi.