Bata Aliyeshinda Mbio za Baiskeli

Ndiyo, ni mimi niliyepita katikati ya soko la Kasongo na bata mgongoni, na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana aibu hiyo nimeshaibeba na siibebi mara ya pili.

Mwaka uliopita mbio za baiskeli ziliishia kwa ugomvi: kila kartiye, yaani kila mtaa, ilikuwa na refa wake, na kila refa aliona gurudumu la kwao limetangulia. Wakubwa wakasema tukigombana tena, mbio zinakufa. Basi mimi, fundi wa redio, nikatengeneza mashine: mpira mwembamba uliolazwa chini kwenye kila njia, pale mstari wa kumalizia, na chipu ndogo inayosubiri. Gurudumu likikanyaga, ni kama mutu amegonga mlango: chipu inaacha kazi yake, inaandika saa, inarudi haraka kumsubiri wa pili. Niliijaribu mara mbili, kisha mara mbili tena (mimi hata mayai ya kununua nayahesabu kwenda na kurudi). Haikukosea.

Hapo ningeacha. Lakini nilitaka watu washangilie, kwa hiyo nikaiambia chipu kwamba ikigongwa, palepale mlangoni, imwimbie mshindi kwa spika kabla ya kurudi kusubiri.

Amisi, ambaye tunagawana naye meza ya kazi, akanionya: "Kaka, mgeni akigonga, mwandike, apite. Ukianza kumwimbia mlangoni, nani atamufungulia wa nyuma yake?"

"Wivu," nikamjibu, na ili kumkomesha nikaapa mbele ya soko zima kwamba mashine haina kartiye, na ikikosea, huyo itakayemtaja mshindi nitambeba mgongoni kutoka mstarini mpaka sokoni.

Siku ikafika. Baiskeli mbili zinakuja bega kwa bega, vumbi, makelele, na bata mnene wa Mama Zaina, muuza mihogo wa pale pembeni, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akavuka akakanyaga mpira. Taa ikawaka, spika ikaanza, "Karibu shujaa wa Kasongo!", na wakati chipu iko inaimba kwa moyo wote, baiskeli zikapita zote mbili, zikagonga, hakuna wa kuzifungulia. Wimbo ulipoisha, mashine ilikuwa imeandika mshindi mmoja tu.

"Si ulisema mashine haina kartiye?" Mama Zaina akasema. "Basi, mubebe."

Nikaanza kupatana bei, kama kawaida yangu. Nikaomba nusu ya njia. Wakakataa. Nikaomba nimshike mkononi. "Mgongoni!" Mama Zaina akavua kitenge chake cha juu, akamfunga bata mgongoni mwangu kama mutoto. "Usimutikise, bingwa amechoka."

Nikaenda, soko lote likasimama. Lakini sikukimbilia nyumbani kujificha. Nilirudi mstarini na bata wangu, nikafungua kompyuta mbele ya haohao waliokuwa wananizomea, nikautoa wimbo mlangoni. Bata hakuwa tatizo. Bila wimbo, angeandikwa, angefutwa, na baiskeli zingeandikwa nyuma yake. Chipu nayo ilifanya nilichoiambia. Nikadai wenye baiskeli wakimbie tena.

"Wewe na bata wako?" refa mmoja akauliza.

"Mimi na bata wangu."

Wakakimbia. Magurudumu yakagonga moja nyuma ya lingine, hata jicho hujalifumba, na mashine ikayaandika yote mawili. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeshangilia pia, maana wimbo haukuwepo. Sawa tu. Tangu siku ile, anayegonga kwangu anaandikwa na anaachiwa njia. Mwenye kutaka kuimbiwa alete redio yake, tutapatana bei. Na bata? Mama Zaina amekataa kumchinja. Anasema bingwa haliwi.