Midomo ya Josiane Quilleron

Josiane Quilleron alitimiza miaka sabini na minne siku ya Jumapili, na hakuna aliyempigia. Jumanne simu ikalia. Alikuwa Bwana Castaing, mwenye studio ya sauti kule Boulogne, mtu ambaye hawajawahi kuonana naye.

"Bibi, ile filamu yako ya soko la samaki tunaifufua. Picha ni nzima, lakini sauti ya dakika za mwisho imeoza. Njoo ujisemee."

"Niseme nini?"

"Si unalijua mwenyewe! Lile tusi!"

Nani hakulijua lile tusi? Mwaka 1971, huko Dieppe, mji wa bandari, mwongozaji wa filamu alimtaka katika tukio la mwisho amwombe msamaha Étienne, mume anayempiga kwenye hadithi. Josiane, binti wa miaka ishirini na minne, akagoma. "Mwanamke huyu ana kosa gani?" aliuliza. Kamera ikawashwa, akasimama peku kwenye sakafu ya soko iliyolowa, kisha midomo yake ikasema kitu. Mwongozaji aliipenda sura ile, maneno hakuyataka. Akamleta mwanamke mwingine atie sauti: "Nisamehe, Étienne." Kwa hiyo kwa miaka hamsini watu wamemtazama Josiane akiomba msamaha kwa koo la mtu mwingine. Hebu fikiria! Sura yako, na ndani yake mgeni.

Gazeti moja likaandika kwamba alichosema kweli ni hiki: "Tafuta mbwa umwamrishe, mimi sibweki." Tangu hapo akawa chui wa sinema. Kila aliyempa kazi alitaka avunje glasi, azabe kofi, atoke akibamiza mlango. Wanaume walimpigia makofi wakiwa mbali. Jirani zake wa ghorofa ya nne wanamsalimia haraka haraka, kama watu wanaopita mbele ya mbwa aliyelala.

Alhamisi akaenda Boulogne, amepaka rangi ya midomo. Alitaka kitu kimoja tu: filamu ile ionyeshwe walau mara moja yeye akisema kwa sauti yake.

Studio ilikuwa na viti viwili na ukuta wa picha. Chini ya picha unapita utepe wa maandishi, na neno likigusa mstari mwekundu, ndipo unalisema. Aliyeuandika utepe huo kwa mkono ni Tiphaine, msichana mwenye miwani mikubwa, kazi yake kusoma midomo ya watu.

"Bibi Quilleron," alisema Tiphaine, "nimeliandika lile tusi kama lilivyotoka gazetini. Ila kuna jambo."

"Jambo gani, mwanangu?"

"Tujaribu kwanza."

Picha ikaanza. Josiane akamwona yule binti peku, akavuta pumzi, akalirusha tusi. Binti wa ukutani alikuwa ameshafunga mdomo zamani, bibi bado anabweka.

"Umechelewa," Bwana Castaing alisema kupitia kipaza sauti. "Harakisha kidogo, mama."

Akaharakisha. Mara ya tano, mara ya tisa. Halikukaa.

"Sikiliza," alisema Castaing, "saa kumi na moja nafunga. Lisipokaa, kesho namwita mwigizaji mwingine asome kama ilivyoandikwa kwenye muswada: nisamehe, basi. Siwezi kuonyesha sinema bubu."

"Tena mwingine?" Josiane aliuliza, lakini alijiuliza mwenyewe.

Tiphaine akamsogelea. "Bibi, tusi linaanza na ulimi. Wewe hapa umeanza kwa meno kugusa mdomo wa chini. Tena ni fupi. Sidhani kama ulilisema."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mtu aliyesahau."

Hilo lilimchoma kuliko kuitwa mwongo. Kwa sababu ni kweli: mwandishi wa gazeti alipomuuliza kama alimtukana mwongozaji, alicheka tu, akamwambia, "Andika." Baadaye akalirudia kwenye karamu, kwenye redio, hadi akaanza kulikumbuka.

"Ipeleke polepole," alisema.

Picha ikatambaa. Sasa hakuitazama midomo, aliyatazama macho. Yule binti hakumwangalia mwongozaji hata kidogo. Aliangalia nyuma ya kamera, upande wa kulia, na bega lake lilikuwa likitetemeka. Kulia kulikuwa na nini? Kulia kulikuwa na ghala la barafu. Mafundi wa taa walipitisha nyaya zao mlangoni, wakauacha wazi, ni Januari, na yeye hana viatu. Watu thelathini walikuwa wamevaa makoti, wanamtazama. Hakuna aliyemletea hata shuka.

"Nimekumbuka," alisema taratibu. "Andika: funga mlango, naona baridi."

Tiphaine akaandika. Picha ikarudi mwanzo. Josiane akasema, si kwa ukali, kama mtu anayeomba nyumbani kwake:

"Funga mlango, naona baridi."

Likakaa. Kila neno mahali pake.

"Ni wewe," Tiphaine alinong'ona.

Castaing akatoka kwenye chumba chake cha kioo. "Ni hilo tu? Bibi, nimeshachapisha mabango! Watu wanakuja kusikia tusi, wewe unawaambia habari za baridi?"

"Ndicho nilichosema."

"Sawa, sawa. Lakini nirekodie na lile jingine, liwe la akiba."

"Sirekodi."

"Dakika moja!"

"Hata nusu. Ukilitaka tusi, kalitafute gazetini. Humu ndani ni mimi."

Castaing akacheka, akapiga makofi. "Huyo ndiye! Ndiye Quilleron wetu, chui mwenyewe! Basi, weka hilo la baridi."

Tiphaine hakucheka. Alimshikia Josiane koti alipokuwa akitafuta pa kupitisha mkono. Josiane alitaka kumwambia jinsi sakafu ile ilivyokuwa, jinsi alivyongoja mtu mmoja tu ageuke ausukume ule mlango. Lakini msichana alikuwa akiitwa, kulikuwa na utepe mwingine.

Jioni alipita kwa muuza mikate wa mtaani kwake.

"Nusu, bibi?"

"Nusu," alisema. Kisha akaongeza, "Leo nimeweka sauti kwenye filamu yangu."

"Hongera," alisema muuza mikate, akiukata mkate katikati, na macho yake yakamwendea mteja wa nyuma.