Aliyeuliza Njia ya Kwenda Kwenye Bendera

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi sivuti bangi, na siku hiyo sikuwa na hata lepe la usingizi. Ilikuwa Ijumaa mchana, saa ya swala, nalinda geti la jengo linalojengwa Al Jaddaf, kando ya mkono wa bahari, hapa Dubai. Mafundi wote walikuwa msikitini.

Akatokea kijana upande wa maji. Mweusi kama sisi, amelowa chapachapa, kiunoni kamba, shingoni kaning'iniza kibanio cha pua cha pembe. Masikio yanamtoka damu. Nikadhani ni kibarua kaanguka majini.

"Dada," akaninong'oneza sikioni, kwa Kiswahili kilekile cha bibi yangu kule Tanga, "nyumba ya balozi iko wapi? Nikiushika mlingoti wa bendera naandikiwa hati, nakuwa huru. Wananifuata."

Sasa mlinzi hufanya nini? Mtu hana pasi, unamuuliza jina la arbab wake, yaani bosi wake, unaandika, unapiga simu. Ndivyo tulivyofundishwa, na mimi kazi yangu naijua. Nikafungua daftari.

"Arbab wako nani?"

Alinitazama, jamani. Sijawahi kutazamwa vile. "Hata wewe?" akasema.

Nikamwambia asubiri nimpigie msimamizi. Akageuka, akarudi majini taratibu mpaka maji yakamfunika kichwa. Nilikimbia hadi ukingoni. Niamini, hapakuwa na hata povu, na pale kwenye saruji kavu alipopita hapakuwa na tone.

Bibi mmoja wa mtaa wa Rashidiya, niliyemsimulia, ambaye wazee wake waliletwa huku utumwani kutoka pwani yetu, ndiye aliyenifumbua macho. Zamani, watumwa wa kuzamia lulu walikuwa wakitoroka, wakikimbilia bendera ya balozi wa Kiingereza wapate hati ya uhuru. Babu yake alitoroka hivyo, yeye na mdogo wake. Babu alifika. Mdogo mtu hakuonekana tena.

"Ulimwonyesha njia?" akaniuliza. Nikalia mbele yake kama mtoto.

Kazi ya geti niliiacha. Sikio la kulia, alilolinong'onezea, halisikii tena. Daktari anasema ni zima, lakini kila Ijumaa linatoa maji, na maji yenyewe ni ya chumvi.

Wewe unayelinda mlango wa watu, nakusihi. Akija mtu anakimbia, usimuulize ni wa nani. Mwonyeshe njia kwanza. Mimi aliniomba kwa lugha yangu mwenyewe, nikamrudisha.