Kikwembe ya mama mukwe juu ya antene

Marafiki, leo internet yangu imekatwa na mutu siwezi hata kumugombeza.

Nilikuwa nafundisha wanafunzi wangu kwa mutandao, nikiwa nyumbani.
Somo: couches za réseau, zile tabaka za mawasiliano, kila moja imebebwa na ile iko chini yake.
"Kitu kikikwama, muanzie chini kabisa. Waya. Antene."

Paf! Nikakatika.

Nikatoka inje.
Mama mukwe wangu, alifika jana toka Butembo, ameanika kikwembe yake juu ya antene. Ingali inachuruzika maji.

Panne, ile chanzo ya shida, nimeiona. Lakini nguo ya mama mukwe, mimi nitaigusa na mukono gani?

Nikajaribu kwa heshima: "Mama, jua imehamia upande ule."
"Hapana, Papa. Hapa upepo iko muzuri."

Mwanafunzi akaniandikia SMS: "Prof, shida iko couche gani?"
Ya kwanza, ya chini kabisa, mutoto wangu. Niko naitazama.

Nikachoka. Nikakaa pale kungoja bibi yangu, binti yake, arudi toka sokoni.
(Nyinyi mungefanya nini? Niambieni.)

Sasa ndiyo amefika. Mama mukwe anamwambia kwa furaha:
"Bwana yako ana heshima! Tangu asubui anachunga kikwembe yangu wasiibe."